Swali la Tatu Kabla ya Kufungua Kibanio

Wenzangu wa chumba cha picha, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu asiye tena na pa kuwahi. Bénie akaniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nilimwahidi mwezi mmoja, imekuwa mitano. Sababu ya kuchelewa ni sehemu ya habari yenyewe, mtaikuta mbele.

Kwa wale walioingia baada yangu, mimi ni Mama Georgette. Kwa miaka thelathini na miwili nilipiga picha za ndani ya mwili katika hospitali yetu hapa Lubumbashi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia kuingiza maji meupe makalioni mwa watu. Si kazi ya kutaja kwenye meza ya harusi. Wanangu walipoulizwa shuleni mama yao anafanya nini walijibu kwamba anapiga picha, na mwalimu akaniomba nije siku ya komunyo ya kwanza. Nilikwenda, nikasema kifaa changu ni kizito, hakitoki hospitalini.

Siku ya kwanza nilipokewa na Papa Ngoie. Alikuwa fundi mkuu wa chumba, mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini mwa Katanga, mtu mrefu, mkimya, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hata kwenye mifuko. Alinipa vitu viwili: aproni ya risasi ya kuzuia miale, nzito kama mtoto wa miaka minne, na mwiko. Nao ulikuwa mwiko wa kawaida wa kusongea bukari, ugali wetu, ule ulioko katika kila jiko la mji huu. Nilidhani ananituma kupika.

"Koroga," akasema, akinionyesha sufuria yenye unga mweupe. "Ikibakia na madonge, utaikula we mwenyewe."

Unga ule ulikuwa bariamu. Peke yake haina ladha wala faida, ila miale ya mashine ya picha haiwezi kupita ndani yake. Ukiichanganya na maji ya vuguvugu na kuijaza kwenye utumbo mpana, utumbo unaonekana kwenye kioo mweupe wote, na kila kona yake, kila uvimbe, kila mfuko. Maji yakiwa baridi, tumbo linajikunja na mgonjwa anakuchukia. Yakiwa ya moto, anakuchukia na anayo haki. Chombo kinatundikwa juu ya meza, si zaidi ya urefu wa mkono na nusu, kwa sababu maji yana uzito wao na utumbo si bomba la chuma. Mgonjwa analala ubavu wa kushoto, mpira unaingizwa taratibu, na kati ya chombo na mgonjwa kuna kibanio kidogo. Ukikifungua, maji yanashuka. Papa Ngoie alinikataza kugusa kibanio kwa miezi minne. Nilikoroga tu. Nyumbani wakasema bukari yangu imekuwa laini sana siku hizi.

Mwezi wa tano aliniruhusu, lakini akanipa sharti.

"Mbele ya kutia mayi, tia maulizo," akasema. "Iko tatu. Ya kwanza: uko na homa? Ya pili unauliza na mukono: finya tumbo polepole, achilia mara moja, angalia sura yake. Ya tatu: ku nyumba bamekutia poire mara ngapi?"

Mawili ya kwanza yamo vitabuni. La tatu halimo, kwa kuwa walioandika vitabu vile hawakulelewa hapa. Nyinyi mnaijua poire: kile kipira cha mkononi chenye ncha, cha kuingizia maji makalioni, kilicho katika kila nyumba, nyuma ya ndoo au juu ya kabati. Mtoto akiwa na homa, poire. Mama akijifungua, poire. Baba akisema tumbo limekaza, maji ya moto, majani yaliyochemshwa, tangawizi, pilipili kidogo, na wakati mwingine pilipili isiyo kidogo. Tumekuzwa nayo. Ukimuuliza mgonjwa ametumia dawa gani, atakuambia hakuna, wala hasemi uongo, kwa maana kwetu poire ni kunawa, ila kunawa kwa ndani. Lazima uitaje kwa jina lake.

Niwaeleze sasa ugonjwa uliolifanya swali hili kuwa kubwa, kwa sababu wengi wenu mliusoma kwa Kifaransa siku moja kabla ya mtihani. Utumbo mpana una ukuta wa misuli. Mtu anapozeeka, na hasa choo chake kikiwa kigumu miaka mingi, utumbo unasukuma kwa nguvu, na pale ukuta ulipo dhaifu unatokeza nje vifuko vidogo, kama tairi la ndani la baiskeli linavyochungulia kwenye tundu la tairi la nje. Ndivyo hivyo tu. Watu wengi wanavyo hadi kufa na hawajui. Kwenye picha vinaonekana kama matunda madogo madogo meupe yamening'inia kandokando ya utumbo, na mimi nikiviona kwa mtu aliyekuja kwa jambo lingine nilikuwa naandika na kwenda kula.

Taabu inakuja kifuko kimoja kinapovimba na kuingiwa na wadudu wa ugonjwa. Hapo mgonjwa anaumwa tumbo chini, kwetu mara nyingi kushoto, ingawa nimeona pia wa kulia waliokuwa wamepangiwa kuondolewa kidole tumbo ambacho kiliisha kuondolewa zamani. Homa inapanda, choo kinakataa. Akipumzishwa utumbo na kupewa dawa za kuua wadudu, wengi wanapona. Lakini kifuko hicho kilichovimba ni chembamba. Kikisukumwa kinapasuka, uchafu unamwagika tumboni, na tumbo linakuwa gumu kama ubao. Wengine hawaumwi kitu, wanatoka damu tu, nyingi, na wanaificha kwa haya mpaka wanaanguka.

Nilipoanza, daktari mmoja alituambia ugonjwa huu ni wa Wazungu, tusipoteze muda kuutafuta. Papa Ngoie alimwonyesha picha tatu za wiki ile. Daktari akauliza kama wagonjwa hao waliwahi kuishi Ulaya. Mmoja alikuwa mama wa Kipushi aliyewahi kufika Zambia, ng'ambo ya barabara.

Tulibishana sana juu ya chanzo. Umri haubishaniwi. Chakula nacho kina neno lake. Bibi zetu walisaga mahindi na pumba zake, sisi tunachekecha unga mpaka uwe mweupe kuliko bariamu, tunakula na kipande cha nyama na mboga kidogo ya kupamba sahani. Ndiyo maana madaktari wanahubiri maharage, mboga ya lengalenga, matunda na maji mengi. Mchimbaji mmoja wa Kambove alisikiliza hotuba nzima ya daktari kuhusu fibre, zile nyuzinyuzi za chakula, akanishika mkono mlangoni. "Mama," akaniuliza, "ile fibre banaiuzisha ku soko gani?" Nikamwambia kila soko, wanaiita maharage. Aliondoka akiwa amevunjika moyo, alitegemea kitu cha duka la dawa. Mbegu za mapera mnazozilaumu kwamba zinaziba vifuko, ziacheni. Sijawahi kuona hata moja yenye kosa.

Mgonjwa aliyenifundisha swali la tatu ni Papa Kasereka. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, anauza chumvi na sukari kwa jumla huko Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, mtu mwenye malori mawili na sauti ya malori manne. Siku ile hakuwa na sauti. Aliletwa na mkewe na shemeji zake wawili, na wote watatu walijua ugonjwa: karuho, sumu ile ya polepole wanayoiogopa sana watu wa kwao. Walimjua hata aliyeitia, muuzaji wa chumvi wa jirani. Karatasi ya daktari iliomba apigwe picha ya utumbo kwa bariamu.

Swali la kwanza: homa ilikuwepo. La pili: nilifinya, nikaachilia, akanishika kifundo cha mkono mpaka saa ikaniachia alama. Mimi nilikuwa na haraka, kulikuwa na wengine sita kwenye benchi, nikaanza kuinua chombo. Papa Ngoie akakishusha, akamgeukia mke.

"Mama, mulimutia poire?"

"Ndiyo, Papa. Ili itoe ile sumu."

"Mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Leo iko siku ya tano."

"Na nini ndani?"

Akahesabu kwa vidole: tangawizi, majani ambayo shemeji alileta, pilipili. Papa Ngoie akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza maelezo ya mapishi. Halafu akatundika mpira kwenye msumari wake, akaandika juu ya karatasi ya daktari kwamba picha hii haipigwi, akampeleka mgonjwa mwenyewe kwa mpasuaji. Walikuta kifuko kimepasuka na usaha umejikusanya kando yake. Papa Kasereka alikaa wiki tano, akatoka akiwa na sauti ya lori moja. Alimpelekea jirani yule gunia la chumvi kumwomba radhi. Jirani hakuelewa, maana yeye mwenyewe anauza chumvi.

"Poire haina mubaya," Papa Ngoie aliniambia siku ile tukisafisha meza. "Mubaya ni ya kuinyamazia. Muntu mwenye kujitia siku tano, eko nakuambia vile anaumwa. We unakataa kumusikia."

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka, kama ninavyoruka vyeo na mishahara. Lakini nimewaahidi mambo ya kazi.

Papa Ngoie alistaafu, mimi nikachukua chumba. Baada ya miaka miwili alirudi akiwa mgonjwa. Alikuja na mkewe, amevaa koti, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, akatembea mwenyewe toka langoni. Tumbo lilikuwa linamuuma kushoto kwa siku nne. Daktari, kijana mpya, aliandika bariamu. Wakati ule mashine kubwa ya skana haikuwepo kwetu.

Nikamsalimu kwa mikono miwili. Huyu ndiye aliyenifundisha kukoroga, aliyesimama upande wa baba nilipoolewa kwa kuwa baba yangu alikuwa amefariki. Nikamuuliza homa. "Kidogo tu," akasema. Nikafinya tumbo, nikaachilia. Hakubadilika uso. Baadaye nilikumbuka kwamba huyu alikuwa amefinya matumbo ya watu miaka arobaini na alijua hasa wakati gani uso unasaliti, na kwa hiyo alijiandaa.

Swali la tatu sikuuliza.

Nimekuwa na muda mrefu wa kutafuta sababu, nimezipata mbili. Ya kwanza, kwetu mtoto hamuulizi baba mambo ya nyuma yake. Kumlaza mezani na kumfunika shuka ilikuwa kazi, hapo aproni ilinisaidia. Lakini kumtazama machoni na kutamka neno lile, mdomo ulikataa. Ya pili, nilijiambia kwamba aliyelitunga swali hawezi kuwa na jibu baya. Hii ya pili ni ya kujipamba. Ukweli ni ile ya kwanza: niliona haya.

Nikatundika chombo, si juu. Nikafungua kibanio. Papa Ngoie alikuwa anatazama dari. Kwenye kioo niliona bariamu ikipanda vizuri, ikapita kona ya kwanza, vifuko vikaanza kujitokeza kimoja kimoja. Halafu pembeni ya utumbo ukatoka uzi mwembamba mweupe, ukaenda mahali ambapo hakuna njia. Nilifunga mara moja. Yeye hakulia. Aliuliza tu, "Imetoka inje?"

"Ndiyo, Papa."

"Mingi?"

"Kidogo."

"Kidogo yangu ao kidogo ya kweli?"

Alipasuliwa saa ile ile. Nje, kwenye korido, mkewe aliniambia bila mimi kumuuliza. "Siku ine, asubuhi na mangaribi. Alisema pilipili inasaidiaka. Miye minazania alikuambia, Georgette. Ni wee mutoto yake."

Bariamu ikimwagika tumboni ni jambo baya kuliko uchafu peke yake. Mnalijua hilo, lakini nalisema tena. Siku ya tatu aliamka vizuri, akaomba niitwe. Nilisimama miguuni pa kitanda, nikashindwa kukaa.

"Haukuuliza," akasema.

"Sikuuliza, Papa. Kama ningeuliza, ungejibu?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiria kila kitu. "Ningekudanganya," akasema. "Kwako ningedanganya. Lakini ungeona."

Alifariki siku ya kumi na moja. Mkewe hakunilaumu, alinipa sahani ya chakula matangani na kukaa karibu nami mpaka nikala. Mimi nililia nyumbani mwezi mzima, na kazini sikulia, kwa kuwa chumba kile kilikuwa bado ni chake na asingependa. Nilichofanya ni kuandika maswali yote matatu ukutani, karibu na swichi, kwa rangi ya mlango. Kiongozi mmoja aliyepita kukagua alitaka la tatu lifutwe, kwamba linawaaibisha wageni. Nikamwambia rangi ile haifutiki. Alipita tena mwaka uliofuata, nikamwambia vilevile. Hivyo ndivyo lilivyobaki, na ndivyo kila mmoja wenu alivyolisoma siku yake ya kwanza, akacheka, nami nikasubiri amalize kucheka.

Sasa sababu ya kuchelewa kwangu. Mwezi wa pili wa kustaafu niliamka na maumivu chini ya tumbo, upande wa kushoto. Nilijua ni nini. Nilijua kabla sijavaa ndala. Naye dada yangu mkubwa, Yaya Honorine, ambaye anaishi nami mtaani Kenya, aliniona nikijikunja juu ya kiti, akaenda nyuma ya ndoo bila kuuliza, akarudi na poire.

Hapa nawaomba msicheke kwanza. Nilijiambia kwamba yangu haina pilipili. Nilijiambia ni maji ya vuguvugu tu, na mimi mwenyewe najua joto la maji kuliko mtu yeyote Katanga nzima. Nilijiambia kwamba choo kikitoka, maumivu yatakwisha, na sitahitaji kwenda kulala kwenye meza yangu mbele ya vijana niliowafundisha. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa na nguvu. Siku ya tatu homa ilipanda, nikapanda pikipiki mpaka hospitalini, na kila shimo la barabara liliniuliza swali la pili. Mashine ya skana ilikuwa mbovu. Karatasi ikaandikwa bariamu.

Nikamkuta Bénie. Nilimfundisha miaka sita, mikono yake ni mizuri kuliko yangu. Alinisalimu kwa mikono miwili, akanilaza ubavu wa kushoto, akanifunika shuka vizuri. Akauliza homa. Akafinya tumbo, akaachilia, nami nikafanya uso wangu wa misani, usioonyesha kitu.  Nilimwona akitazama ukutani karibu na swichi, akanitazama mimi, akaenda kunawa mikono mara ya pili.

"Tuanze, Mama?"

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kibanio. Niliogopa, nasema wazi. Sikuwahi kuogopa chumba kile kabla ya siku hiyo.

"Ingali na ulizo," nikasema.

"Mama, wee unayajua yote."

"Njo sababu ya ile. Uniulize."

Akatazama sakafu. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeungama. "Mama Georgette, ku nyumba ulijitia poire?"

"Apana," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Miaka yote ya kulisimamia swali lile, na jibu langu la kwanza lilikuwa uongo, safi, halina hata donge moja. Bénie akashusha pumzi, akafurahi, akarudisha mkono kwenye kibanio. Ndipo nikamwona Papa Ngoie amelala pale pale nilipolala, anatazama dari ile ile, na nikaelewa kwamba hakuwa amenificha kwa ubaya. Alikuwa ananipenda na ana haya, kama mimi.

"Bénie, nimekudanganya. Nilijitia. Mara tatu."

Hakuinua macho, lakini mkono uliondoka kwenye kibanio.

"Mara tatu yote," akauliza, "ao mara tatu kila siku?"

 Swali hilo mimi sikumfundisha.

"Kila siku," nikasema.

Akatundika mpira kwenye msumari wake na kumpigia simu mpasuaji. Hawakunipasua. Nililazwa siku kumi na mbili kwa dripu na dawa, bila bukari, na Yaya Honorine ameitoa ile poire nyuma ya ndoo, ingawa sijui ameiweka wapi na nimeacha kuuliza. Rangi ya mlango iko kwenye kabati la chini, upande wa aproni. Ongezeni swali la Bénie ukutani, chini ya yale matatu, na liandikwe kubwa.